Muda ni Sehemu ya Dozi: Tibamionzi katika Historia ya Afrika Mashariki na Safari ya Mgonjwa wa Bunia

Utangulizi

Katika mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umo mtaa uitwao Lumumba. Jina hilo ni la waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliyeshika madaraka wakati wa uhuru, Juni 1960, na kuuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mkaazi wa mtaa huo anapogundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuvuka hatua za mwanzo, dawa kuu ya ugonjwa wake ni mionzi. Mashine ya kutoa mionzi hiyo haimo Bunia. Kinshasa, mji mkuu wa nchi yake, uko umbali wa zaidi ya kilomita 1,700 kwa mstari mnyoofu, ng'ambo ya msitu mkubwa. Kampala uko umbali wa kilomita 300 hivi, lakini ni katika nchi nyingine, na kati yake na Bunia kuna Ziwa Albert au njia ndefu ya kuzunguka kaskazini kupitia Mahagi au Aru.

Kwa kawaida umbali huo hujadiliwa kama suala la uchumi, la barabara au la utawala. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la biolojia pia. Utafiti wa karne nzima juu ya athari za mionzi katika seli za saratani umefikia hitimisho moja la msingi: nguvu ya tiba haipimwi kwa wingi wa mionzi peke yake, bali pia kwa muda ambao mionzi hiyo imetolewa. Sehemu muhimu ya ushahidi wa hitimisho hilo ilipatikana Afrika Mashariki, katika miili ya watoto waliougua aina ya saratani iliyopewa jina la kitabibu kwanza mjini Kampala. Na madini yaliyowezesha tiba hiyo kuenea duniani kabla ya hapo yalichimbwa Kongo. Kwa hiyo historia inayosimuliwa hapa si ya elimu iliyotoka ng'ambo na kuletwa Afrika, bali ni ya elimu iliyopita Afrika, ikachukua mali na maarifa, kisha ikachelewa mno kurudi.

Istilahi na maana zake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe inafaa kutazama maneno. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Neno kansa, ambalo limeingia Kiswahili kupitia lugha za Ulaya, lina asili ya Kilatini, na maana yake ni hiyohiyo ya kaa. Kwa hiyo maneno haya mawili, yanayoonekana kama yanashindana katika kurasa za magazeti na vitabu, yana taswira moja: ugonjwa unaoshika kwa kucha na kutawanyika kwa miguu mingi.

Neno mionzi lina historia ya namna nyingine. Mwonzi ni mshale wa nuru, kama ule wa jua unaopenya katika tundu la ukuta. Wataalamu wa istilahi walilichukua neno hilo na kulipanua ili lihusu hata nuru isiyoonekana kwa macho, na kutokana nalo likaundwa neno tibamionzi. Lakini wagonjwa wengi hawasemi tibamionzi. Husema kwamba wamepigwa mionzi, au wamechomwa. Usemi huu una ukweli wake, kwa maana ngozi iliyopata mionzi mingi huwa nyekundu na kuchubuka kama iliyoungua. Hata hivyo, unaficha jambo lililo muhimu kuliko yote katika tiba hii.

Kitu kinachochomwa huungua papo hapo. Seli inayopigwa na mionzi haiungui. Mionzi hukata nyuzi za DNA, yaani kemikali ya urithi iliyomo katika kiini cha seli, na seli huanza mara moja kuziunga tena. Ikifaulu, huendelea kuishi. Ikishindwa, mara nyingi haifi siku hiyo. Hufa baadaye, inapojaribu kugawanyika na kukuta kwamba hati yake ya urithi imechanika. Kati ya pigo na kifo, basi, kuna muda, na katika muda huo mambo mengi hutendeka. Historia ya utafiti wa tibamionzi kwa sehemu kubwa ni historia ya kuutafuta na kuuelewa muda huo.

Radiamu ya Katanga

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walitangaza kuwepo kwa radiamu, madini yatoayo mionzi yenyewe bila ya kuwashwa na umeme. Haikuchukua miaka mingi kabla ya waganga wa Ulaya kuanza kuweka radiamu karibu na uvimbe au ndani yake. Tatizo lilikuwa uhaba. Ilihitajika tani kadhaa za mawe ili kupata gramu moja tu, na katika soko la wakati huo gramu hiyo ilifika bei ya zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Hospitali nyingi hazikuweza kuinunua.

Hali ilibadilika kwa sababu ya Kongo. Mwaka 1915 akiba ya urani yenye utajiri usio wa kawaida iligunduliwa mahali paitwapo Shinkolobwe, Katanga, katika eneo la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mnamo mwaka 1922 kiwanda cha kuchuja radiamu kutokana na madini hayo kilianza kazi huko Olen, Ubelgiji. Bei ilishuka hadi kufikia dola 70,000 hivi kwa gramu, na migodi ya Marekani iliyokuwa ikiongoza soko ikashindwa kushindana. Kwa muda wa takriban miaka kumi, hadi madini ya Kanada yalipoanza kuchimbwa, sehemu kubwa kabisa ya radiamu iliyotumiwa duniani ilitoka katika ardhi ya Kongo.

Dunia imezoea kuikumbuka Shinkolobwe kwa sababu ya vita: urani yake ilitumika katika utengenezaji wa mabomu ya atomu ya mwaka 1945. Ni haki kuikumbuka hivyo. Lakini ikumbukwe pia kwamba, kabla ya bomu, Shinkolobwe ilikuwa chanzo cha dawa. Mawe yaliyobebwa na vibarua wa Katanga yaligeuzwa sindano na mirija midogo ya radiamu iliyotibu saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali za Ulaya na Marekani, wakati ambapo wanawake wa Kongo waliougua maradhi hayohayo hawakuwa na tiba hiyo.

Kitendawili hicho kilijirudia baadaye kwa sura nyingine. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kilichoitwa TRICO, kilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kinu cha pili kilifuata mwaka 1972, nacho kikazimwa mwaka 2004. Nchi iliyotoa urani, na iliyolitangulia bara zima kwa kinu cha utafiti, haikufika mahali pa kumwekea mgonjwa wa Ituri mashine ya mionzi karibu na kwake.

Majaribio ya kugawa dozi

Waganga wa mwanzo walidhani kwamba njia bora ni kutoa mionzi mingi kwa mara moja, ili uvimbe usipate nafasi ya kupona. Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Jean Bergonié na Louis Tribondeau, walieleza kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazodhurika zaidi kwa mionzi. Maelezo hayo yalitoa sababu ya kuwa na matumaini, lakini hayakueleza namna ya kuutoa mwonzi bila ya kuharibu ngozi na viungo vyenye afya.

Jibu la kwanza lilitokana na majaribio ya Claudius Regaud, katika Taasisi ya Radiamu mjini Paris, juu ya korodani za kondoo dume. Ndani ya korodani seli za mbegu hugawanyika daima, kama zinavyofanya seli za saratani. Ngozi inayozifunika ni tishu ya kawaida. Regaud na wenzake waliona kwamba dozi moja kubwa haikuweza kumfanya mnyama kuwa tasa bila ya kuiharibu vibaya ngozi. Dozi hiyo ilipogawanywa katika vipindi vya siku nyingi, mnyama akawa tasa na ngozi ikasalimika. Mwenzake katika taasisi hiyohiyo, Henri Coutard, aliitumia kanuni hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo katika miaka ya 1920, na baadhi yao wakapona kabisa. Tangu wakati huo kugawa dozi kukawa desturi: kipindi kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki kadhaa.

Ilikuwa desturi iliyofanya kazi kabla ya kueleweka. Maelezo yake yalikuja polepole. Mwaka 1953 L. H. Gray na wenzake wa Hospitali ya Hammersmith, London, walionyesha umuhimu wa oksijeni: seli zilizokosa hewa katikati ya uvimbe huhimili mionzi zaidi kuliko zile zenye hewa ya kutosha. Mwaka 1956 Theodore Puck na Philip Marcus, nchini Marekani, walichapisha kwa mara ya kwanza mchoro wa kuaminika unaoonyesha idadi ya seli za binadamu zinazobaki hai baada ya kila kiwango cha mionzi. Seli walizotumia zilitokana na uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi baada ya kutibiwa kwa radiamu huko Baltimore. Seli hizo zilichukuliwa bila ya ridhaa yake. Hivyo, hata katika maabara, elimu hii ilianzia kwa mgonjwa ambaye hakufaidika nayo.

Mwaka 1975 H. Rodney Withers aliyakusanya maelezo hayo katika mambo manne yanayotokea kati ya dozi moja na nyingine: seli hujiunga upya majeraha yake, hubadilisha hatua zake za kugawanyika, zile zilizokosa oksijeni huipata kadiri uvimbe unavyopungua, na zile zilizosalia huzaliana na kuujaza tena uvimbe. Jambo hili la nne ndilo linalohusika zaidi na makala haya. Lakini miaka michache kabla ya Withers kuandika, lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa mjini Nairobi.

Uvimbe wa taya: Kampala na West Nile

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye dalili kama hizo. Alipofuatilia kumbukumbu za hospitali alikuta kwamba uvimbe huo ulikuwa wa kawaida kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake ya kwanza. Kuanzia Oktoba 1961 alisafiri kwa gari yapata maili 10,000, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, wakitembelea hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika ili kujua ugonjwa huo unapatikana wapi na haupatikani wapi. Ilidhihirika kwamba unafuata nchi za joto na mvua, na kwamba unapungua katika nyanda za juu.

Ted Williams hakuwa mgeni wa watu wa Ituri. Hospitali yake ya misheni, Kuluva, iko karibu na Arua katika West Nile, si mbali na mpaka wa Aru, upande wa kaskazini wa Ituri. Rejista zake za wagonjwa, zilizotunzwa kwa uangalifu wa miaka mingi, zilikuwa hazina ya watafiti. Ni katika West Nile hiyohiyo ambapo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika miaka ya 1970 na kuwafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978, chini ya uongozi wa Guy de-Thé, yalitoa ushahidi mzito kwamba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, vinahusika katika kuusababisha ugonjwa huo.

Kuhusu tiba, jambo moja linastahili kusisitizwa. Burkitt alipoanza kazi hiyo, Uganda haikuwa na tibamionzi. Ni ukosefu huo uliomfanya ajaribu dawa za kemikali mapema kuliko ambavyo angefanya katika nchi za Ulaya, na kwa kiasi kidogo cha dawa baadhi ya watoto waliponea kabisa. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliendeleza njia hiyo chini ya John Ziegler. Na baada ya Wamarekani kuondoka katika enzi ya Idi Amin, Charles Olweny aliishika kazi hiyo. Mafanikio ya tibakemikali mjini Kampala kwa hiyo yalikuwa, kwa sehemu, tunda la upungufu.

Utafiti wa Nairobi

Hali ya Nairobi ilikuwa tofauti. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo kabla ya uhuru iliitwa King George VI, huduma ya tibamionzi ilikuwapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko, Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akiwatibu watoto wengi wenye uvimbe wa Burkitt. Alishirikiana na watafiti wa Stockholm, miongoni mwao George Klein, Jerzy Einhorn na Torbjörn Norin, pamoja na J. Onyango wa Nairobi.

Uvimbe wa Burkitt ulikuwa na sifa iliyowavuta wataalamu wa mionzi. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Vipimo vya seli vilivyofanywa kwa wagonjwa wa Kampala na kuchapishwa mwaka 1974 vilionyesha kwamba unaweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja hadi tatu hivi. Kutokana na sifa hiyo liliibuka swali rahisi. Ikiwa mgonjwa hupigwa mionzi mara moja kwa siku, na seli zilizosalia zinaweza kuzaliana kabla ya kesho yake kufika, je, tiba haifanani na kazi ya mtu achotaye maji katika mtumbwi unaovuja? Atachota asubuhi, na asubuhi inayofuata atakuta maji yamerudi palepale.

Dawa ya mtumbwi unaovuja si lazima iwe ndoo kubwa zaidi. Inaweza kuwa ndoo ndogo ichotayo mara nyingi zaidi. Kwa hiyo watafiti waliwalinganisha wagonjwa waliopata mionzi kwa utaratibu wa kawaida, mara moja kwa siku, na wale waliopata dozi ndogo mara tatu kwa siku. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1971 katika jarida la Kiskandinavia la tibamionzi, na Norin na Onyango waliandika tena mwaka 1977. Utaratibu wa mara tatu kwa siku uliudhibiti uvimbe vizuri zaidi. Dhana ambayo hadi hapo ilitegemea sana wanyama na vyombo vya maabara ilipata ushahidi kwa binadamu: saa zinazopita kati ya dozi moja na nyingine ni mali ya uvimbe, na uvimbe huzitumia.

Ni lazima matokeo haya yapimwe kwa kiasi chake. Wagonjwa hawakuwa wengi, na ugonjwa wa Burkitt aghalabu huwa umekwisha kuenea mwilini wakati mtoto anapofikishwa hospitali, ambapo mionzi inayolenga mahali pamoja haitoshi. Tibakemikali ndiyo iliyobaki kuwa tiba yake kuu. Utafiti wa Nairobi, basi, haukubadilisha sana tiba ya watoto wale waliofanyiwa. Uliwafundisha wataalamu namna ya kuwatibu wagonjwa wengine, wenye saratani nyingine, mahali pengine.

Funzo lilivyosafiri

Baada ya Nairobi, swali la muda lilijaribiwa katika saratani ambazo hazikui kwa kasi ya ule wa Burkitt. Mwaka 1988 Withers na wenzake walichambua taarifa za wagonjwa wengi wa saratani za kichwa na shingo. Walikuta kwamba, baada ya wiki nne hivi tangu tiba kuanza, seli zilizosalia huongeza kasi ya kuzaliana, kana kwamba zimeamshwa na tiba yenyewe. Kuanzia hapo, kila siku inayopita bila ya tiba kukamilika huhitaji nyongeza ya takriban grei 0.6 ili kuufidia ukuaji huo. Kwa kuwa kipindi kimoja cha kawaida ni grei 2, siku tatu au nne za kuchelewa hufuta kazi ya kipindi kizima.

Nchini Uingereza, katika Hospitali ya Mount Vernon, Michele Saunders na Stanley Dische waliandaa utaratibu wa kutoa mionzi mara tatu kwa siku kwa siku 12 mfululizo, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Matokeo ya jaribio lao kwa saratani ya mapafu yalichapishwa mwaka 1997. Wagonjwa 563 walishiriki, na waliokuwa hai baada ya miaka miwili waliongezeka kutoka asilimia 20 hadi 29, ingawa jumla ya mionzi waliyopata ilikuwa ndogo kuliko ya kawaida. Ilikuwa kanuni ileile ya ndoo ndogo ichotayo mara nyingi. Jaribio hilo lilifundisha jambo jingine pia: kati ya dozi mbili za siku moja ni lazima zipite saa sita hivi, ili tishu zenye afya, hasa uti wa mgongo, zipate nafasi ya kujiunga majeraha yake. Muda, kwa hiyo, una pande mbili. Mfupi mno humdhuru mgonjwa, na mrefu mno huunufaisha ugonjwa.

Mashine za leo hulenga uvimbe kwa usahihi ambao Coutard asingeweza kuuota, na watafiti wanajaribu hata kutoa dozi yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde moja. Lakini hakuna mashine iliyoiondoa sheria ya muda. Usahihi hupunguza madhara. Hauzizuii seli zilizosalia kuzaliana mgonjwa anapokosa kuhudhuria.

Umbali kama suala la biolojia

Kwa mwanga huo, safari ya mgonjwa wa mtaa wa Lumumba hupata maana mpya. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, tiba kamili huwa na vipindi 25 hivi vya mionzi ya nje, kila siku ya kazi kwa wiki tano, pamoja na mionzi ya ndani; na inapendekezwa kwamba yote yakamilike ndani ya wiki nane. Kila siku ya ziada hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Kwa mgonjwa anayekaa jirani na hospitali, sharti hilo ni la kalenda tu. Kwa mgonjwa wa Bunia ni sharti la kukodi chumba Kampala, la kuwaacha watoto na shamba kwa miezi miwili, la hati za kuvuka mpaka, na la fedha zisizokatika katikati. Fedha zikiisha katika wiki ya tatu akarudi nyumbani kutafuta nyingine, hakusimamisha tiba tu, bali ameupa uvimbe nafasi katika wiki zilezile ambazo kasi yake ya kuzaliana huanza kupanda.

Si yeye peke yake anayesimamisha. Ituri ilipata vita vikali kati ya mwaka 1999 na 2003, na mashambulizi yamerejea katika miaka ya karibuni, yakifanya njia za kuelekea Mahagi kuwa za hatari. Kutoka 2018 hadi 2020 jimbo hilo lilikuwa pia katika mlipuko wa Ebola, wakati ambapo kila msafiri alipimwa na kutiliwa shaka. Barabara inapofungwa kwa wiki mbili, hesabu ya grei hubadilika ndani ya mwili wa mtu ambaye hana habari nayo.

Hata mahali paendewapo hapakuwa na uhakika. Mashine ya kobalti iliyoanza kazi Mulago mwaka 1995 iliharibika kabisa mwaka 2016, na Uganda nzima ikakosa tibamionzi hadi mashine mpya ilipoanza kutumika mwanzoni mwa 2018. Katika kipindi hicho baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, karibu kilomita 800 kutoka Bunia kwa mstari mnyoofu. Ikumbukwe tena kwamba kobalti yenyewe hupungua nguvu kwa nusu katika kila miaka mitano na miezi michache. Chanzo kisipobadilishwa, kila kipindi huchukua dakika nyingi zaidi, na foleni ya wagonjwa huwa ndefu zaidi. Muda tena. Na upande wa pwani, hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, jengo la enzi ya Wajerumani lililokuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, iko mbali zaidi kwa mtu wa Ituri kuweza kuitegemea.

Inaweza kudaiwa kwamba haya ni maelezo ya umaskini yaliyovikwa joho la sayansi. Dai hilo lina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba mgonjwa maskini huteseka kwa maradhi yote. Lakini kuna tofauti. Mgonjwa anayekosa vidonge vya malaria kwa siku mbili anaweza kuanza upya. Mwenye saratani aliyekatiza mionzi katikati hawezi kuanza upya, kwa sababu tishu zake zenye afya zimekwisha kupokea sehemu kubwa ya kiasi zinachoweza kuhimili maishani. Mlango hufungika nyuma yake. Kwa hiyo kupanga huduma ya tibamionzi bila ya kupanga malazi, nauli na njia za wagonjwa wa mbali ni kupanga nusu ya dozi.

Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba historia ya tibamionzi inapita Afrika ya Kati na Mashariki mara tatu. Mara ya kwanza ni katika mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa radiamu. Mara ya pili ni katika wodi za Kampala, West Nile na Nairobi, zilizotoa maarifa juu ya uvimbe unaokua kwa kasi na juu ya thamani ya saa. Mara ya tatu ni katika safari za wagonjwa wa leo, wanaobeba miilini mwao matokeo ya mambo hayo mawili bila ya kupata faida yake kamili.

Kiswahili kinaweza kutoa mchango wake katika kuirekebisha hali hiyo. Mgonjwa wa Bunia anapofika Kampala au Nairobi, lugha anayoweza kuitumia na muuguzi mara nyingi ni Kiswahili. Akiambiwa kwamba atachomwa, ataelewa kwamba moto ukishawaka kazi imekwisha, na kwamba kukosa siku mbili ni kama kukosa kibarua cha siku mbili. Akielezwa habari ya mtumbwi unaovuja, ataelewa kwa nini kesho ni sehemu ya dawa sawa na leo. Watu wa Kasenyi na wa pwani zote za Ziwa Albert hawahitaji kufundishwa mtumbwi ni nini. Istilahi kama tibamionzi zimekwisha kuundwa na zinafaa. Kilichobaki ni maelezo yatakayoziunganisha na maisha ya wazitumiao.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Walilenga mambo mengine, lakini watafiti wa Nairobi walichohesabu katika miaka ya 1970, kwa kuwafuatilia watoto waliovimba taya, kilikuwa karibu na hayo.